Utamu Usio na Shamba

Ukitoka Bagamoyo mjini kuelekea kusini, mwendo wa kilomita tano hivi, unafika Kaole. Kabla ya magofu ya mji wa kale nilisimama kwenye kibanda cha mbao chenye biashara mbili. Upande mmoja kijana alikuwa anakamua miwa. Anaupitisha muwa kwenye magurudumu ya chuma, anaukunja, anaurudisha pamoja na kipande cha tangawizi na nusu ya ndimu, anaukunja tena, mpaka unatoka umekuwa makapi makavu. Upande wa pili mama mmoja alikuwa na ndoo nyeupe yenye bomba, na ndani yake juisi ya rangi ya chungwa iliyokolea kuliko chungwa lolote lililowahi kuiva. Glasi ya muwa shilingi elfu moja, kikombe cha ndoo mia mbili. Watoto wa shule wote walikuwa upande wa mama.

Makapi ya miwa yalijaa nyuki na sisimizi. Juu ya meza ya mama, penye matone ya juisi, hapakuwa na hata mmoja.

“Hii hawaigusi,” aliniambia kwa fahari kidogo, kama mtu anayesifu usafi wa bidhaa yake.

Nikamwomba anionyeshe pakiti ya unga wake. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na macho ya kijana, paliandikwa sukari, asidi, rangi, kisha namba tatu: E950, E951, E954. Namba hizo ni asesulfamu, aspatemu na sakarini. Hakuna aliyewahi kuzipanda wala kuzipalilia. Njia iliyozifikisha hapa ni ndefu, na inapita kwanza kwenye mashamba ya miwa, tena mashamba ya damu.

Kaole ilikuwa mji kabla Bagamoyo haijajulikana. Msikiti wake wa kale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yake ya nguzo yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Baadaye mikoko iliisonga bandari na biashara ikahamia Bagamoyo. Richard Burton na John Hanning Speke waliposhuka hapa Juni 1857, wakianza safari iliyowafikisha Ziwa Tanganyika, Kaole ilikuwa imebaki kijiji chenye kikosi cha askari wa Kibulushi wa Sultani wa Zanzibar.

Utamu wa siku hizo ulikuwa wa kungojewa. Tende zilingoja kaskazi ilete majahazi kutoka Arabuni. Asali ilingoja mizinga ya bara. Tembo tamu la mnazi lilimngoja mgema apande asubuhi na jioni, na likikawia kidogo si tamu tena, limeshakuwa kileo. Muwa wenyewe ulihitaji mwaka na zaidi shambani kabla ya kufaa jino. Lugha inatunza kumbukumbu ya mambo haya. Muwa ni neno letu. Sukari tuliipokea kwa Waarabu, nao waliitoa kwa Waajemi, nao kwa Wahindi, ambao kwao neno la asili lilikuwa na maana ya changarawe. Mmea una jina la nyumbani, ila bidhaa imekuja na jina la bandarini.

Muwa wa kutafuna ulikuwapo kila ua. Muwa wa biashara ulikuwa na makao yake: kingo za mto Pangani, kaskazini ya Bagamoyo, ukishaipita Saadani. Huko, katika karne ya 19, Waarabu na Waswahili wenye mali walifungua mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa. Na muwa hauna subira. Ukishakatwa, ndani ya siku moja au mbili sukari yake inaanza kuharibika. Kwa hiyo msimu wa mavuno kinu kinazunguka usiku na mchana, na moto chini ya masufuria hauzimwi. Maji ya muwa yanachemshwa, povu linaenguliwa, yanachemshwa tena mpaka yanakuwa mazito na kushika mwiko. Yakipoa ndiyo sukari guru, yenye rangi ya udongo. Ilipakiwa majahazini kwenda Unguja, na nyingine ikavuka hadi Arabuni. Mtu huru hakuitaka kazi hiyo, wala watumwa hawakuikubali kimya kimya. Wako waliotoroka na kujenga vijiji vyao wenyewe nyuma ya Pangani, na wenye mashamba wakashindwa kuwarudisha.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim. Mwaka 1888 Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilipopandisha bendera yake katika miji ya pwani na kushika ushuru wa forodha, pwani yote ya Mrima iliwaka, na mwenye shamba la miwa akawa jemadari. Vita vilifika Bagamoyo mwezi Septemba. Mei 1889 kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, aliivunja ngome ya Abushiri karibu na mji huo, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani. Tunamkumbuka kama shujaa, na ni haki yake. Ila kwenye hesabu ya utamu wa pwani hii, waliochemsha guru yake nao wana mahali pao, ingawa majina yao hayamo kwenye vibao vya barabarani.

Sasa tazama kalenda. Miaka michache tu baada ya Wajerumani kutia saini mikataba ya ulaghai na majumbe wa Usagara na Uzigua, nje kidogo ya mji wa Magdeburg huko kwao kulikuwa na kiwanda kipya, na kufikia 1887 kilikuwa kinatoa unga mweupe wenye utamu wa sukari mara mia tatu na zaidi. Mwenye kiwanda alikuwa Constantin Fahlberg, mkemia mzaliwa wa Urusi. Mwaka 1879 alikuwa Baltimore, Marekani, katika maabara ya Ira Remsen kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akichunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Jioni moja, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikwenda kula bila kunawa mikono. Mkate ukawa mtamu. Akadhani ni keki. Akafuta mdomo, na kitambaa nacho kitamu. Akanywa maji, na pale alipoushika ukingo wa glasi pakawa patamu kuliko asali. Aliramba kidole gumba, akaacha chakula, akakimbia kurudi maabara na kuonja kila chombo kilichokuwa mezani mpaka alipokifikia chenyewe. Alikuwa na bahati kwamba hakuna kilichokuwa sumu.

Matokeo aliyachapisha pamoja na Remsen, lakini hataza akaichukua peke yake. Remsen hakumsamehe.

Magdeburg haikuwa mahali patulivu pa kufungulia kiwanda cha namna hiyo. Mji ule ulikuwa kitovu cha sukari ya viazisukari, sukari ambayo wakulima wa Ujerumani waliichimba ardhini kwenye baridi bila kuhitaji jua la Pangani. Wenye viwanda vya viazisukari waliona mapema ni nani anawajia, wakapiga kelele, na serikali ikawasikiliza. Sheria ya mwaka 1902 iliifungia sakarini kwenye maduka ya dawa, iuzwe kwa wagonjwa tu. Mara magendo yakaanza: watu wakaivusha kutoka Uswisi kwa siri, wameificha mavazini na kwenye mizigo. Inachekesha ukikumbuka kwamba kisingizio kimojawapo cha sheria kilikuwa kwamba kitu hiki si chakula.

Mtu mmoja wa Bagamoyo alikuwako huko wakati huo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, aliingia Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kwa jina la Carl Velten kile kitabu kikubwa cha Desturi za Waswahili, ambacho sehemu yake kubwa ni kalamu ya Mtoro, na ndani yake maisha ya pwani hii yameelezwa tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Alirudi Dar es Salaam mwaka 1905 na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni wakakataa wanandoa hao washuke pamoja, naye akarejea Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Kwa hiyo ile miaka ya vita, 1914 hadi 1918, sukari ilipokuwa ya mgawo na serikali iliyoifungia sakarini ikairuhusu tena ili watu wapate cha kutia kwenye kinywaji, mwandishi wa desturi zetu alikuwa mkazi wa Berlin hiyohiyo. Mtu aliyetoka kwenye nchi ya guru akiishi kwenye mji wa sakarini. Ningetoa mengi kusoma sura ya desturi za Wajerumani kwa kalamu yake.

Vita vile ndivyo vilivyoipa sakarini tabia yake ya kudumu. Ilitoka duka la dawa, ikawa mlango wa nyuma wa kila mahali ambapo sukari ni adimu au ni ghali.

Nasi uadimu tunaujua. Tanganyika ilipata shamba lake kubwa la kisasa mwaka 1930, Arusha Chini karibu na Moshi, la kampuni ya Wadenishi iliyojulikana kwa herufi za TPC. Kilombero na Mtibwa vilifuata baadaye. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliisha na rafu zikabaki tupu. Waliokuwa watu wazima wakati huo bado wanaweza kukueleza foleni ya duka la ushirika, kilo iliyogawiwa kwa kadi ya kaya, na ujanja wa kunywa chai: kipande cha guru kinashikwa mkononi na kung'atwa kidogo kwa kila funda, au pipi inawekwa shavuni na chai chungu inaipitia juu yake. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, kuficha magunia ya sukari lilikuwa kosa la kukuweka ndani. Hata mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, kilo iliyokuwa inauzwa karibu shilingi 2,800 ilipita 4,000 sehemu nyingi.

Mtengenezaji wa unga wa juisi anaifanya hesabu hii haraka kuliko mimi na wewe. Kilo moja ya sakarini, inayoenea kwenye mkoba wa mtoto wa shule, inafanya kazi ya magunia sita ya sukari ya kilo hamsini hamsini. Na siku hizi sakarini ina wadogo zake. Siklameti iligunduliwa Marekani mwaka 1937 na Michael Sveda, aliyeweka sigara yake juu ya meza ya maabara na kuirudisha mdomoni ikiwa tamu. Aspatemu iligunduliwa mwaka 1965 na James Schlatter, aliyeramba kidole ili aokote karatasi. Sukralosi ilipatikana London mwaka 1976, pale Shashikant Phadnis alipoagizwa na mkubwa wake aipime, yeye akasikia aionje. Historia ya sukari bandia, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu waliopaswa kunawa mikono.

Je, zinadhuru? Swali hili limeulizwa tangu Fahlberg, na majibu yake yamekuwa yakigeuka kama upepo wa maleleji. Mwaka 1977 watafiti wa Canada waliripoti kwamba panya waliolishwa sakarini nyingi walipata uvimbe wa kibofu, na Marekani ikaamuru kila pakiti ibebe onyo. Baadaye ikaonekana kwamba madhara yale yanatokana na namna mkojo wa panya dume ulivyo, si wa binadamu, na mwaka 2000 onyo likaondolewa. Julai 2023 ikawa zamu ya aspatemu: wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Siku hiyohiyo kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ikasema kipimo kinachoruhusiwa kinabaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Magazeti yalichapisha la kwanza kwa herufi kubwa.

Kwa maoni yangu saratani imetupotezea muda. Lililo karibu zaidi na meza zetu ni lile la Mei mwaka huohuo, WHO iliposhauri sukari bandia zisitumike kama njia ya kupunguza uzito. Sababu ni kwamba kwa muda mrefu hazionekani kupunguza mafuta ya mwili, na waliozitumia kwa miaka walionekana kupata zaidi kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo. Hapa msomaji awe mwangalifu. Anayekimbilia sukari bandia mara nyingi ni yule aliyeshaanza kunenepa au ambaye mama yake alikuwa na kisukari, kwa hiyo si rahisi kujua kama kinywaji kimeleta ugonjwa au ugonjwa unaokuja umeleta kinywaji. Ndiyo maana ushauri wenyewe ulitolewa kwa tahadhari, na haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mwaka 2022 watafiti wa Israeli walijaribu kwa watu 120 na kuona kwamba sakarini na sukralosi ziliwabadilishia baadhi yao namna mwili unavyoipokea glukosi, na kwamba bakteria wa tumboni wana mkono humo.

Sisi tumeuita ugonjwa kwa jina la kitu: kisukari, au kwa mkato sukari. “Bibi ana sukari” si habari ya jikoni. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari walikuwa karibu asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 9 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri wa waliopimwa havikuwa sawasawa, lakini hakuna anayefanya kazi kliniki ya kisukari atakayekuambia hali haikubadilika.

Mjini Bagamoyo, kwenye mgahawa wa jirani na stendi, nilikaa meza moja na mzee aliyetoa mfukoni kikopo kidogo cha plastiki, akabonyeza, vidonge viwili vikadondoka kwenye chai ya rangi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia daktari amemkataza sukari miaka sita sasa. Kisha akaagiza maandazi mawili.

“Na maandazi, mzee?”

“Maandazi ni ngano, mwanangu.”

Yeye angalau anajua anachotia kwenye kikombe chake, na kidonge kina kipimo. Wanaonishughulisha ni wale wa kwenye ndoo ya Kaole. Kipimo cha wataalamu wa FAO na WHO kinahesabiwa kwa kilo za mwili. Kwa sakarini ni miligramu 5 kwa kila kilo, yaani 100 kwa siku kwa mtoto wa kilo 20, wakati mtu mzima wa kilo 70 anafika 350. Pakiti imeandikwa ichanganywe na lita kadhaa za maji, lakini mama anachanganya kwa jicho, na mchana wa joto mtoto mmoja anarudi mara tatu. Watoto hawa hawana kisukari wala hawatafuti kupungua. Wanakunywa sukari bandia kwa sababu ndiyo yenye bei ya shilingi mia mbili.

Wapo wanaosema heri hiyo sukari bandia, maana haili ardhi. Hoja ina uzito, na mtu wa Bagamoyo hawezi kuidharau. Kaskazini ya mji, Makurunge, kulikuwa na ranchi ya ng'ombe ya serikali ya Zanzibar, RAZABA. Katika miaka ya 2000 Wasweden wa kampuni ya SEKAB walikuja na mpango wa kupanda miwa huko ili watengeneze ethanoli, miwa ya kunywesha magari. Mradi ukapita kwa EcoEnergy, ukazua mabishano kuhusu wakazi, kuhusu maji ya mto Wami na kuhusu ujirani wake na hifadhi ya Saadani, na mwaka 2016 serikali ikafuta hati. Sehemu ya ardhi ikaenda kwa kampuni za Bakhresa, na tangu 2022 kiwanda cha Bagamoyo Sugar kinatoa sukari. Muwa ni mnywaji mkubwa. Kila kilo ya sukari kwenye rafu imeshakunywa maji mengi ya mto.

Ila sukari ikishaliwa imekwisha. Mwili unaichoma, na kinachobaki kinaliwa na bakteria. Sukralosi haiko hivyo. Sehemu yake kubwa inapita tumboni bila kuguswa, inatoka kama ilivyoingia, na mitambo ya kusafisha majitaka inaipitisha vilevile. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, wa sampuli 120 za mito ya nchi 27 za Ulaya, uliikuta katika nchi kadhaa. Mwaka huohuo watafiti wa Uswisi waliikuta asesulfamu kwenye maji ya chini ya ardhi. Viwango ni vidogo mno, vipande vya gramu iliyogawanywa mara milioni katika lita, na samaki hawafi kwa hilo, ingawa maabara zimeona vidudu wadogo wa majini wakibadili mwendo wa kuogelea wanapowekewa sukralosi. Wanasayansi wa maji wameigeuza tabia hii kuwa chombo cha kazi: wakikuta sukari bandia ndani ya kisima, wanajua kuna choo kinachovujia humo, kwa kuwa hakuna mti wala mnyama anayeitengeneza. Pwani yetu tunachimba choo na kisima katika ua mmoja, kwenye mchanga.

Jioni nilirudi magofuni. Karibu na msikiti wa kale kuna kisima ambacho wenyeji wanasema hakijawahi kukauka, ingawa bahari na mikoko viko hatua chache tu kutoka hapo. Kijana anayewazungusha wageni alishusha ndoo, akaivuta, akanimiminia kidogo viganjani. Nilionja. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

“Matamu, eti?” aliniuliza, kwa neno ambalo watu wa pwani hulitumia kwa maji yasiyo ya bahari.

Matamu, nilimjibu, na yeye akanywa yaliyobaki.